Tabibu wa jeshi apimwe mikono, asirudishwe darasa la kwanza

Wiki iliyopita koplo wangu wa zamani alinipigia simu usiku. Bado ananiita afande, ingawa sote tumesharudi uraiani. Alikuwa ndio kwanza ametoka zamu. Kazi yake hospitalini ni kusukuma vitanda: anamtoa mgonjwa wodini, anampeleka eksirei, anamrudisha. Usiku ule alimfikisha chumba cha dharura mama mmoja aliyeishiwa maji mwilini, presha imeshuka, mishipa imelala. Muuguzi kijana akachoma mkono wa kulia, akakosa. Akachoma wa kushoto, akakosa. Akarudi tena wa kulia.

"Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, afande," akaniambia. "Nikatia mikono mfukoni. Niliogopa itatangulia yenyewe."

Mikono hiyo naijua, maana niliifundisha mimi. Nimeiona ikitafuta mshipa gizani kwa kupapasa tu, gari linarukaruka, majeruhi anatapatapa. Na siku mshipa ulipokosekana kabisa, niliiona ikishuka gotini, ikapima vidole viwili chini, ikasogea kidogo upande wa ndani, ikapitisha sindano kwenye mfupa wa muundi na maji yakaingia. Kazi nzima haikufika dakika moja. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni wakati mama yule anachomwa mara ya tatu.

Daktari wa zamu alikuja, mshipa ukapatikana, mgonjwa akapona. Nashukuru. Lakini tangu simu ile sijatulia, na ndiyo maana naandika.

Koplo huyu alihudumu miaka sita akiwa tabibu wa kikosi. Alipotoka jeshini aliomba kazi ya tiba. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kujaza leseni na stashahada, naye hakuwa na vyote viwili. Usaili ulikwisha kabla hajaulizwa hata swali moja kuhusu mgonjwa. Akaambiwa nafasi anayoweza kupata ni ya mhudumu, na kama anataka kutibu basi aombe chuo, miaka mitatu, aanze na wanafunzi waliomaliza sekondari juzi. Aanze kufundishwa kupima joto la mwili na kufunga bendeji.

Sina ugomvi na leseni. Naomba nieleweke hapo, kwa sababu kila nikilisema jambo hili kuna mtu huinuka kuniuliza kama ningependa mama yangu atibiwe na mtu asiye na karatasi. Sipendi. Leseni inamlinda mgonjwa. Ninachokipinga ni kuhesabu miaka mtu aliyokaa kwenye benchi la darasa na kuitupa miaka aliyopiga magoti kando ya majeruhi. Leseni inapaswa kuuliza mtu anaweza kufanya nini. Mwiteni, mpeni mtihani wa maandishi, mpeni wa vitendo, msimamisheni mbele ya mgonjwa chini ya macho ya daktari. Akifeli, mwambieni amefeli wapi. Mtu aliyezoea jeshi haogopi kupimwa. Kinachomvunja moyo ni kukataliwa bila kupimwa.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1965 daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliona upungufu wa watoa tiba, akaona pia vijana waliokuwa matabibu wa jeshi la wanamaji wakirudi nyumbani na ujuzi ambao hauna pa kukaa. Akachukua wanne kati yao, akawafundisha miaka miwili. Watatu wakahitimu 1967. Hapo ndipo ilipozaliwa taaluma ya msaidizi wa daktari, ambayo leo ni kazi kamili yenye mitihani na leseni yake, na imeigwa katika nchi nyingine. Mwaka 1969, huko Seattle, daktari Richard Smith akaanzisha programu nyingine iliyowachukua matabibu waliorudi kutoka vita vya Vietnam na kuwapeleka kujifunza kwa madaktari wa vijijini. Hakuna aliyewaambia waanze na kipimajoto. Waliulizwa wanajua nini, kisha wakaongezewa wasichokijua.

Na wakati huohuo, mwaka 1966, ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyohiyo iliandika maneno ambayo hadi leo yananichoma. Ilisema wataalamu waliorudi kutoka Vietnam walikuwa wakitamka hadharani kwamba mtu akijeruhiwa vibaya, nafasi yake ya kupona ni kubwa zaidi kwenye uwanja wa vita kuliko kwenye mtaa wa kawaida wa mjini. Vitani kulikuwa na mtu anayejua la kufanya pale ulipoanguka, na helikopta ya kukutoa. Mtaani ulimngoja yeyote atakayetokea na gari.

Tuchukue damu peke yake. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipitia vifo 4,596 vya askari wa Marekani vitani kati ya 2001 na 2011. Wengi walikufa kabla hawajafika hospitali. Miongoni mwa hao, wale ambao huenda wangeokolewa, takriban 9 kati ya 10 walikufa kwa kuvuja damu. Kwa miaka mingi vitabu vya huduma ya kwanza viliuogopa mkanda wa kukaza mkono au mguu ili kuzuia damu. Tuliambiwa ni hatua ya mwisho kabisa, kwamba utampotezea mtu kiungo. Mwongozo wa tiba ya vitani uliotoka 1996 ukageuza mambo: damu inaruka, funga mkanda mara moja, mengine yafuate. Vita vilivyofuata vikathibitisha. Mwaka 2015 Ikulu ya Marekani ikazindua kampeni ya kuwafundisha raia wa kawaida kuzuia damu, na mkanda huo ukiwemo. Leo uko kwenye magari ya wagonjwa, uko kwenye mafunzo ya polisi na walimu.

Kwa hiyo mkanda umepokelewa uraiani. Aliyeufunga hajapokelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tunachukua elimu iliyopatikana kwa damu ya vijana, tunaitia kwenye vitabu na mitaala, kisha yule aliyeibeba mkononi tunamwambia hatuoni cheti chake. Kuna chuo ambacho mwalimu wake aliwahi kunialika niwaoneshe wanafunzi namna ya kufunga mkanda huo. Nilikwenda na koplo wangu. Yeye ndiye aliyeonesha, mimi nilieleza tu. Wanafunzi wale leo wana leseni.

Sasa niseme na lile ambalo wenzangu wa jeshini hawapendi kulisikia. Daktari mmoja wa watoto, mtu ninayemheshimu, aliniuliza: "Huyo kijana wako, ukimletea mtoto wa kilo nane mwenye degedege, dozi ataijua?" Nilinyamaza. Hataijua. Jeshini tunatibu watu waliochujwa afya kabla hawajavaa sare. Wagonjwa wetu ni vijana, wengi wanaume, moyo mzuri, figo nzuri. Koplo wangu hajazalisha. Hajamhudumia mzee wa miaka themanini anayemeza dawa za aina tano ambazo zinapigana tumboni. Hajafuatilia sukari ya mtu mmoja kwa miaka kumi. Na hayo ndiyo yanayojaza hospitali ya raia kila asubuhi, si risasi. Nakubali, japo sikupenda kukubali.

Ila tazama pengo hilo lina ukubwa gani. Lina jina na lina mipaka: watoto, uzazi, wazee, maradhi ya kudumu. Pengo lenye mipaka hujazwa kwa kozi iliyopimwa, kwa miezi ya kuzungushwa kwenye wodi hizo chini ya msimamizi. Halijazwi kwa miaka mitatu ambayo nusu yake mtu anafundishwa alichokuwa akikifundisha wenzake.

Kuna na pengo jingine ambalo halimo kwenye mtaala wowote, nami nililijua kwa kukosea. Mwezi wangu wa kwanza uraiani aliletwa mwanamume mwenye jeraha refu la paja. Akasema hataki kushonwa. Nikamwambia alale. Akasema hataki. Nikarudia kwa ile sauti niliyozoea, ya amri, nikijua natetea mguu wake. Akashuka kitandani akaondoka, jeraha likiwa wazi. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kukataliwa na mgonjwa. Askari hulala akiambiwa alale. Raia ana haki ya kusema hapana, na kazi yangu ni kukaa chini, kumsikiliza anaogopa nini, na kumweleza hadi aelewe. Mtu yule alikuwa anaogopa sindano ya ganzi. Nilikuja kuambiwa na ndugu yake. Ningemuuliza, angebaki.

Mshahara unaoshuka, cheo kinachopotea, upweke wa kukosa kikosi, hayo yote ni ya kweli na yameandikwa na wengi.

Jeshi nalo halijasafishika kwenye hili. Mtu anatoka baada ya miaka mingi na barua ya mistari minne: ametumikia kwa uaminifu, nidhamu na moyo wa kujituma. Afisa utumishi wa hospitali afanye nini na nidhamu? Haimwambii kama mtu huyu amewahi kufungua njia ya hewa. Sisi tuliokuwa viongozi tulisaini barua hizo kwa mafungu bila kuzisoma, nami nikiwemo, na tuliwaharibia vijana wetu. Wewe uliye bado ndani, usingoje barua. Weka daftari lako. Kila utaratibu uliofanya, tarehe, nani alikusimamia, saini yake siku ileile, bila jina la mgonjwa. Kama kuna mtihani wa kiraia unaokubaliwa ukiwa bado kazini, ufanye ukiwa bado kazini, wakati mshahara unaingia na mkubwa wako anakujua. Ukishavua sare, kumpata aliyekusimamia miaka minne nyuma ni safari yenyewe.

Koplo hakuwa na daftari. Sikumwambia aweke. Kwa hiyo jana nimetoa kumbukumbu zangu mwenyewe na kukaa nazo mezani hadi usiku wa manane, nikampigia simu mara tatu kuulizana naye siku na mahali. Barua niliyomwandikia alipotoka ilikuwa na mistari minne. Ya sasa ina kurasa tatu. Sikuandika nidhamu. Nimeandika njia za hewa alizofungua nikiwa nimesimama pembeni, vifua alivyotoboa kuondoa hewa iliyobana mapafu, mikanda aliyofunga na saa aliyoifunga, sindano za mfupani, na majeruhi wangapi kati ya hao walifika hospitali wakiwa hai. Chini yake nimeongeza mistari miwili: hajawahi kuhudumia watoto wala wajawazito, anaomba afundishwe. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe.