Kabla ya kumfungia Eddy, tuambieni kwanza nani anachagua uwanja

Kila yakitangazwa mashindano ya Tekken, ile gemu ya kupigana mtu na mtu, hapa Dodoma, iwe Kisasa, Area C au kule upande wa UDOM, swali la kwanza ni "Eddy anaruhusiwa?", yaani yule mpiganaji wa kwenye gemu, na hapo watu watabishana wee mpaka usiku, huyu anasema Eddy ni wa kubonyezabonyeza tu, yule anasema mbona wewe unatumia King hatusemi, afu hakuna hata mmoja anayeuliza uwanja anachagua nani, nani anataja mtu wake (mpiganaji atakayemtumia) kwanza, na aliyeshinda gemu ya kwanza anaruhusiwa kubadili au habadili. Mi naona watu wengi wanapigwa hapohapo kabla hata pedi hawajaishika.

Tatizo tumezaliwa mabandani. Banda la gemu sheria yake tunaijua wote, aliyepigwa anaachia pedi, mshindi anabaki na mshindi ndo anachagua uwanja. Kwa jero haina shida, ukipigwa unakaa benchi unasubiri zamu yako unacheka na washkaji. Sasa mtu anaichukua sheria hiyohiyo anaipeleka kwenye mashindano ya kiingilio buku tano na zawadi juu, yaani aliyeshinda gemu ya kwanza anapewa na haki ya kuchagua pa kukupigia gemu ya pili, hiyo jamani ni kumwongezea aliyeshiba. Nimeshuhudia mashindano fulani (siyataji, waandaaji ni watu nawaheshimu) jamaa alichagua uwanja uleule kuanzia mechi ya kwanza mpaka fainali, na kila mtu anajua kombo zake zote, yale mapigo ya mfululizo, zinamalizikia ukutani. Alikuwa mkali kweli, sikatai. Ila mpaka leo hatujui angekuwa mkali kiasi gani sehemu isiyo na ukuta.

Na ukilalamika kuna kaka mmoja lazima akwambie "uwanja ni picha tu bana, piga gemu". Hawa nimewaelewa siku hizi, hawa bado wako kwenye Tekken 3! Kule kweli uwanja ulikuwa picha, ukuta hakuna, unaweza kurudi nyuma mpaka kesho. Lakini Tekken 4 ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaleta kuta, na baadae sakafu zikaanza kuvunjika mnadondoka chini kombo ikiwa bado inaendelea. Leo Tekken 7 ukimbamiza mtu ukutani anaganda pale unamwongezea mapigo ambayo katikati ya uwanja usingeyapata, na mtu aliyezoea kucheza kwa mbali anarudi nyuma anakupiga ukikosea, huyo ukimweka kwenye kauwanja kadogo umeshamfunga mguu mmoja. Ila mpeleke Infinite Azure, pale peupe pasipo na ukuta wala mwisho, anageuka simba. Watu walewale, pedi zilezile, matokeo mengine.

Wenzetu hili walishalimaliza kitambo. Mashindano makubwa ya Tekken uwanja kawaida wanaiachia mashine ichague yenyewe, basi, hakuna wa kumlaumu. Aliyeshinda anabaki na mtu wake, aliyepigwa ndo anaruhusiwa kubadili. Na kama gemu ya kwanza kuna mmoja anavizia mwenzake achague ili yeye aje na mtu wa kumjibu, kila mmoja anamnong'oneza refa jina la mtu wake, refa akishayajua yote mawili wanachagua na hakuna kugeuka. Haihitaji hela hiyo, inahitaji refa mwenye masikio tu. Kwenye Smash Bros., gemu ya kupigana ya Nintendo ambayo huku kwetu ni nadra kuikuta maana Nintendo nani anayo, wana utaratibu mtamu zaidi, viwanja vitano vinawekwa mezani, wa kwanza anafuta kimoja, wa pili anafuta viwili, wa kwanza anafuta kimoja tena, kinachobaki ndo mnachezea. Kila mtu kakataa anachokiogopa. Kwa Tekken naona random inatosha ila ule wa kufutana ningependa tuujaribu hata fainali tu.

Haya, turudi kwa Eddy maana najua ndo mlichokuja kusoma. Kumfungia mtu kwenye gemu inatakiwa uwe na sababu nzito. Mpiganaji Akuma kwenye gemu ya Super Street Fighter II Turbo ya 1994 alikuwa anarusha moto akiwa hewani na kizunguzungu hapati, wenzake hawana cha kumfanya, Marekani wakamtoa kwenye mashindano na Japani wachezaji wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe wasimtumie. Hiyo ni sababu. Mpiganaji Leroy aliingia Tekken 7 Desemba 2019, mwezi uliofuata kwenye mashindano ya Evo Japan 2020 katika nane bora sita walikuwa wanamtumia yeye, na hata hapo hakufungiwa, watengenezaji walikuja kumpunguza nguvu baadae na maisha yakaendelea. Sasa Eddy ana nini? Anapiga chini sana na miguu haieleweki inatokea wapi, ndio, inaudhi kinoma nakubali, ila ukijifunza kukinga chini na kumwadhibu anapomaliza, yule wa kubonyezabonyeza kaisha. Kumfungia Eddy ni kumlinda mtu aliyekataa kujifunza, na dogo aliyekaa miezi anamsomea Eddy vizuri unamwambia arudi nyumbani.

Kuna jingine linakuja na sijasikia mtu analiongea. Mabanda mengi bado ni PS4 na Tekken 7, lakini PS5 zimeanza kuingia na kwa upande wa PlayStation Tekken 8 inacheza huko tu, PS4 haipo. Kule Eddy hakutoka na gemu, aliongezwa 2024 na ni wa kulipia. Kwa hiyo kama mwenye mashine hajamnunua umeshamfungia bila kutangaza, na mtu amelipa kiingilio amepanda bodaboda kutoka Nkuhungu anafika anakuta mtu wake hayupo kwenye skrini. Tangazo liseme mapema wapo kina nani, tena kabla hamjapokea hela, sio mtu ameshakaa kwenye kiti ndo anaambiwa.

Na pedi! Mnaongea viwanja mnasahau pedi. Pedi namba moja inakuwa nzima, namba mbili analogi inavuta kushoto na kitufe cha mraba mpaka ukibonyeze kwa hasira, afu nani anakaa namba moja? Mshkaji wa mwandaaji. Mtu aje na pedi yake kama anayo, asiye nayo warushe shilingi kuamua nani anakaa upande gani, na refa azijaribu zote mbili mbele za watu kabla ya mechi. Kama pedi ya pili ni mbovu, ahirisheni mkatafute nyingine, mji huu hauna uhaba wa mabanda ya kuazima.