Alama zina cheti, umaskini hauna

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari zinazozunguka stendi ya Simu 2000 jijini Dar es Salaam zinageuka ofisi za udahili. Kijana anakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki magotini. Ndani mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, cheti cha kifo cha baba kama baba hayupo, picha za pasipoti, na fomu inayosubiri saini na muhuri wa serikali ya mtaa. Anajaziwa maombi ya mkopo na mtu asiyemjua, kwa nywila aliyotungiwa na mtu huyohuyo. Pembeni yake amekaa mwenzake asiye na bahasha nene. Huyu ana pointi tatu za PCM, yaani A zote tatu za fizikia, kemia na hisabati, jina lake limo kwenye orodha ya wizara, na akidahiliwa shahada inayotakiwa serikali itamlipia bila kumdai hata senti.

Huyo wa pili ni wa Samia Skolashipu, ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaofaulu zaidi tahasusi za sayansi na kwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Unalipa ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, utafiti hadi bima ya afya. Tangu uanze, mabishano ya vijiweni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hayajabadilika sana: pesa ya umma imfuate aliyefaulu au asiyenacho?

Tuanze na ukubwa wake, maana kelele zimeuzidi. Mwaka ule wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 3 na orodha ilikuwa na majina 640. Mwaka huohuo bajeti ya mikopo ilikuwa zaidi ya bilioni 570. Ukigawa, skolashipu ilikuwa kama nusu ya asilimia moja ya fedha za mikopo. Kwa hiyo anayesema ufadhili huu ndio umemnyima mtoto wa maskini mkopo, hesabu zake hazisimami. Hoja yenye uzito iko kwingine, nayo ni nani anayepewa bure na nani anayepewa deni.

Na deni lenyewe si dogo. Chukua mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu pale Mlimani. Ada ya mwaka tuiweke milioni moja na laki tatu. Bumu, ile pesa ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku, imepanda kutoka 8,500, na kwa siku 240 za masomo inafika milioni mbili na laki nne. Kwa mwaka ni milioni tatu na laki saba, kwa miaka mitatu ni milioni kumi na moja na ushee. Akibahatika kuajiriwa kwa mshahara wa laki saba, makato ya asilimia 15 ni 105,000 kila mwezi, na kabla hajamaliza itampitia karibu miaka tisa. Hapo nimeliacha nje lile ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka la kulinda thamani ya fedha, ambalo lilikuwa linafanya watu walipe miaka na deni libaki palepale. Liliondolewa 2021, na waliokuwa wakikatwa wanajua lilivyokuwa linauma. Mwenzake wa pointi tatu anaanza maisha na sifuri, sifuri ile nzuri.

Wanaotetea skolashipu ya ufaulu wana hoja ambayo wapinzani wao huipita haraka mno: alama ni ngumu kuzighushi. Baraza la Mitihani likishatoa pointi tatu, hakuna mjomba wa kuziongeza. Umaskini hauna baraza lake. Unathibitishwa kwa saini ya mwenyekiti wa mtaa ambaye huenda hajawahi kukanyaga kwenu, kwa vyeti vya vifo, kwa ushahidi kwamba kaya iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kila aliyepita chuo anamkumbuka mwenzake aliyepata mkopo asilimia mia huku anakuja na simu ya milioni, na anamkumbuka mwingine ambaye mama yake anauza vitumbua Manzese na aliambulia ada nusu bila bumu. Kipimo cha uhitaji kikikosea, kinamkosea maskini kwanza, kwa sababu asiye maskini ndiye anayejua karatasi gani inatakiwa na nani wa kumwona.

Iko na hoja ya pili, ya zamani zaidi. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wa enzi zile na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Watu huutumia mfano huo kuwakumbusha wasomi wajibu wao. Lakini uutazame vizuri: kijiji kile hakikumpa chakula mwenye njaa kuliko wote, kilimpa mwenye miguu ya kufika. Huo ni utetezi wa skolashipu ya ufaulu kwa kinywa cha mjamaa mwenyewe. Nchi inayotaka madaktari na wahandisi inawasomesha wanaoelekea kufuzu.

Hapa ndipo ninapoachana nao kidogo. Alama za kidato cha sita zinapima miguu, sawa, ila zinapima na barabara aliyopita huyo mtu. Shule nyingi za kata, zile zilizojengwa kwa wingi kuanzia 2006, zilianza na madarasa na madawati. Maabara ilikuja baadaye, na mwalimu wa fizikia baadaye zaidi, kama alikuja. Mtoto hodari wa shule hiyo anamaliza kidato cha nne na A ya Kiswahili, A ya historia na D ya fizikia, kisha anapangiwa tahasusi za sanaa, HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza). Miaka miwili mbele anapata pointi tatu zake kama yule wa PCM, lakini tahasusi yake haimo. Wengine watasema alichagua sanaa. Alichaguliwa sanaa, tena na kabati tupu la vifaa vya maabara.

Kwa upande mwingine wa jiji, wazazi wa Mbezi Beach na Masaki wanalipa sekondari binafsi ada ambayo kwa mwaka mmoja inazidi ada ya Mlimani, wakati mwingine mara tatu. Mtoto wao akipata pointi tatu, serikali inampokea na kumlipia hata chakula ambacho nyumbani hakikuwahi kuwa swali. Sina kinyongo naye, amesoma na amefaulu. Ila huyo angesoma chuo na skolashipu au bila skolashipu, na pesa inayomlipa mtu kwa jambo ambalo angelifanya hata hivyo ni zawadi. Ufadhili ni kitu kingine.

Hata hivyo nisiwafanye wenye pointi tatu wote watoto wa geti kali. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Kilakala, Msalato: hizi ni shule za serikali, zinachukua watoto wenye akili kutoka kila wilaya, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita hakilipiwi ada. Mtoto wa mkulima wa Kasulu aliyepita Ilboru ni mfadhiliwa halali kwa vipimo vyote viwili. Wapinzani wa skolashipu humsahau huyu kwa sababu anaharibu hadithi.

Milango mingine nje ya serikali haibadilishi picha sana. Benki Kuu ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere tangu 2009, unaowatafuta wanaofanya vizuri zaidi katika masomo kama hisabati, sayansi na uchumi. Taasisi ya NMB ina Nuru Yangu, inayotazama ufaulu na hali ya familia kwa pamoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokaribia kuuliza swali sahihi. Ziko nafasi za China, Hungaria na kwingineko, zinazotaka pasipoti na tafsiri za vyeti mapema kuliko wengi wanavyojua. Na zipo zile za kwenye magrupu ya WhatsApp zinazoomba elfu thelathini ya usajili. Hizo si skolashipu, ni wizi.

Tatizo langu na mjadala wote ni kwamba unapigania lango la kuingilia chuo tu, siku ambayo watoto hawa wametoka barabara zisizofanana. Mwaka mmoja baadaye hali ni tofauti. Wote wamekaa kwenye kumbi zilezile za mihadhara za Yombo, wamemsikiliza mhadhiri mmoja, wameshindania kitabu kimoja maktaba, wamefanya mtihani mmoja. Matokeo ya mwaka wa kwanza hayafuti historia ya mtu, lakini yana haki kuliko ya kidato cha sita. Kwa nini basi sehemu ya skolashipu isitolewe hapo?

Na tusianzishe mfuko mpya wenye fomu mpya na mihuri mipya. Bodi ya Mikopo inayo tayari orodha ya waliopimwa uhitaji. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, waliopewa mkopo mkubwa kwa sababu ya hali ngumu na wakaongoza katika programu zao, mkopo wao ugeuzwe ruzuku, kuanzia ule wa mwaka wa kwanza hadi wamalize, ilimradi wabaki juu. Iwe kwa kila programu, ualimu na sheria zikiwemo, na asiachwe yule wa HKL. Kwa hesabu yetu ya milioni tatu na laki saba kwa mwaka, wanafunzi 600 ni kama bilioni mbili na milioni mia mbili kwa kila mwaka wao wa masomo. Hata miaka yote mitatu ikijaa, kama bilioni sita na milioni mia saba, bado ni zaidi kidogo ya asilimia moja ya bajeti ile ya mikopo.

Niliwahi kumweleza wazo hili mhadhiri mmoja, akacheka. Akasema, unadhani wote wanafanya mtihani mmoja wakiwa wameshiba sawa? Alinikumbusha vijana wanaopanga chumba Changanyikeni au Makongo kwa sababu hosteli imejaa. Jioni wanafundisha tuisheni, wikiendi wanaendesha boda ya kaka, na usiku ndipo wanafungua daftari. Bumu likichelewa wiki tatu, mtihani wa majaribio unawakuta hawajala. Hao hawataongoza programu, si kwa sababu hawana akili bali kwa sababu muda wao umeuzwa. Tena, alisema, ukiweka fedha kwenye GPA utaona foleni ya wanafunzi mlangoni kwa mwalimu mpole, na masomo magumu ya hiari yatabaki na watu watano.

Hoja ya mwalimu mpole naweza kuijibu: shindanisha watu ndani ya programu moja, kwa masomo ya lazima, na mpole atawapandisha wote kwa pamoja. Ile ya boda sijaijibu. Skolashipu ya aina yoyote inamkuta mtu akiwa tayari amelala njaa au amelala ameshiba, na kinachobadilisha hilo kwa kijana wa Changanyikeni ni bumu kuingia tarehe yake, jambo ambalo halihitaji pointi tatu za mtu yeyote.