Wafundishwe mapema, sio jengo likishaisha

Hii habari ya kuwafundisha wasanifu majengo na wapangaji miji namna ya kupima jengo endelevu nimeifurahia sana, ila naomba mafunzo yasiishie kwenye pointi na cheti, maana ukiangalia LEED, ule mfumo wa Marekani wa kuyapa vyeti majengo yanayojali mazingira, jengo linahitaji pointi 80 kati ya 110 lipate platinamu, ngazi ya juu kabisa, na mtu anaweza kuokoteza pointi kwenye vitu vidogo vidogo huku ukuta mzima wa vioo umetazama magharibi na kiyoyozi kinanguruma kutwa. Wafundishwe kusoma jua na upepo kwanza! Mi naipenda EDGE, mfumo mwingine wa vyeti kama huo, inataka uokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji na asilimia 20 kwenye hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, yaani simenti, nondo, matofali, hapo hukwepi. Na wapangaji wasisahaulike jamani, wao ndo wanakata viwanja, vikishakatwa vibaya mtaa mzima unapigwa na jua la jioni na msanifu anabaki kuhangaika na mapazia. Halafu jengo likishatumika mwaka mmoja warudishwe palepale wasome mita za umeme na maji, walinganishe na walichokiahidi kwenye michoro.