Wazee wa pembeni mwa barabara kuu Mbeya wanadai nini hasa

Ukikaa na vijana kwenye kijiwe chochote kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, maongezi yakifika kwenye foleni lazima atajwe mzee fulani aliyegoma kupisha upanuzi wa barabara. Wazee wa jiji hili, inasemwa, kila mchoro wa barabara au viwanja ukija wana pingamizi, wanataka mikutano isiyoisha na kila kitu kisimame mpaka wao waridhike. Mimi naona hii lawama imekaa vibaya. Vijana hoja wanayo, tena nzito na nitaieleza, ila wazee wanabebeshwa lawama kwa kuuliza swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza kwenye mpango wowote wa ardhi, yani nani anaumia ili wengine wapite, atalipwa nini na atalipwa lini.

Nianze na vijana. Mbeya tunaijua ilivyo, mlima Loleza huku, mabonde kule, na maisha yote yamejipanga kwenye barabara moja ya kwenda Zambia. Lori la Tunduma, daladala, bajaji, mkokoteni na mtoto wa shule wote humo humo. Mji ulianza 1927 enzi za dhahabu ya Lupa, na sensa ya 2022 imekuta jiji lina watu zaidi ya 540,000. Kijana wa bajaji ana hesabu ya kupeleka kwa bosi kila jioni, akikwama Mafiati saa nzima hiyo ni hela ya watoto wake imeondoka na hakuna wa kumrudishia. Na hapo sijagusa malori yanayofeli breki kwenye miteremko ya Iwambi na Simike, misiba ambayo tumeizika wote. Kwa hiyo kuitanua barabara iwe njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, mtu asiniambie ni anasa.

Afu kuna hoja yao ya pili ambayo wazee wengi hawaipi uzito. Sensa hiyo hiyo inasema Watanzania wa miaka 15 hadi 35 ni kama asilimia 34.5 ya watu wote, ila nenda kwenye mkutano wa mtaa unaojadili ardhi uhesabu vichwa. Mkutano umeitwa Jumatano saa tatu asubuhi, mwenye bodaboda yuko kazini, anayeuza viazi yuko sokoni, waliobaki ni wastaafu na akina mama wachache. Kisheria mkazi yeyote mwenye miaka 18 ana nafasi kwenye mkutano, mpangaji naye ni mkazi, lakini ikija ishu ya viwanja wanaitwa "wenye maeneo" tu, kana kwamba aliyepanga chumba hapo miaka nane hatumii ile njia wala mtoto wake hachezi kwenye kile kiwanja cha mpira kinachotaka kukatwa fremu za maduka. Hili vijana wakilisema wanaambiwa hawana adabu. Mimi nasema wana haki kabisa, na ni kosa letu sote kwamba maamuzi ya jiji la vijana yanafanywa na walio na hati au kipande cha karatasi cha mauziano.

Sasa twende kwenye mita saba na nusu, mana mimi naamini ugomvi wote uko hapo.

Zamani hifadhi ya barabara kuu, yani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, ikawa mita 30. Ukitoa hapo unapata mita 7.5 kila upande, kwenye karatasi ni mstari mmoja umesogezwa. Ila chukua mzee aliyejenga mwaka 1985 akaacha mita 24 kama alivyoelekezwa, akachoma tofali zake mwenyewe, akaezeka, akalea watoto humo. Huyu alifuata sheria, aliuliza kabla ya kujenga, akapima, kisha siku moja bila yeye kusogeza hata tofali moja akajikuta yuko ndani ya hifadhi. Tunazijua zile X zinazochorwa kwenye kuta, nyekundu maana yake uliifuata barabara, ubomoe bila senti, ya kijani maana yake barabara imekufuata wewe, utalipwa. Kwa maneno mengine huyu mzee serikali yenyewe inakubali kwa rangi ya kijani kwamba hana kosa.

Lakini atalipwa lini? Hapo ndo pa kukaa. Mwenye X ya kijani analipwa eneo lake likihitajika kwa ujenzi, na mpaka siku hiyo ifike anaambiwa asiendeleze. Haongezi chumba, choo kikibomoka anajishauri, benki haiwezi kuipokea hiyo nyumba kama dhamana, mnunuzi akiiona X anageuza. Mtoto aliyezaliwa 2007 leo ni mpiga kura. Yani kuna familia kwenye barabara yetu zimelea mtoto kuanzia kuzaliwa mpaka kupata kitambulisho ndani ya nyumba ambayo huwezi kuiuza, kuikopea wala kuitanua kwa amani, na hakuna popote kwenye hesabu za fidia panapoandikwa thamani ya hiyo miaka. Tathmini ikija inaangalia jengo lilivyo leo, na jengo leo ni bovu kwa sababu mwenyewe alikatazwa kulitengeneza. Mzee akisimama mkutanoni kulisema hili anaambiwa anakwamisha maendeleo.

Sheria za ardhi za 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na ile sheria ya uthamini ya 2016 inasema tathmini ikipita miaka 2 bila kulipwa imekufa, inabidi ianze upya. Wazee wengi hawajazisoma hizi sheria, ila wanaishi na walichokiona. Wanajua mtu anaweza kuthaminiwa akiwa na nguvu na wakaja kulipwa wajane. Ndo mana swali la mzee halikai kwenye barabara ipite au isipite, hilo nimesikia wakilikubali dakika za mwanzo kabisa, linakaa kwenye tarehe. Tena kwa huku kwetu kuna makaburi. Wanyakyusa wanazika nyumbani, baba yuko pale chini ya migomba, na ipo sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969 yenye utaratibu wake, ila kijana aliyekulia mjini anaposema si wahamishwe tu, anaongea kama habari ya kuhamisha kabati. Mzee akinyamaza hapo sio kwamba amekosa jibu.

Tuje kwenye urasimishaji huku mitaani, yani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, kwa sababu huko ndiko vijana wanakuwa wakali zaidi, na kiukweli ndiko hoja yao inawabana wazee vizuri. Iwambi, Isyesye, Iganzo na kwingine kote kulikojengwa holela, kijana amenunua kipande huko ndani, gari la wagonjwa haliingii, anaomba njia. Mzee wa mbele anagoma. Na kijana anamkumbusha, wewe mwenyewe ndo uliyeniuzia, ulikata viwanja sita kwenye shamba lako bila kuacha hata njia ya toroli, leo unadai nini? Hili ni kweli na wazee wanatakiwa walikubali bila kuzunguka. Walikata vibaya. Ila walikata wakati upimaji haufiki kwao na watoto wanahitaji ada, na sasa hivi utaratibu wa urasimishaji unataka watu watoe eneo la barabara bure, kwa kuchangia, na juu yake walipie upimaji, bei elekezi ambayo wizara iliishusha kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000 kwa kiwanja. Mchango huo hauko sawa hata kidogo. Wa ndani hatoi hata hatua moja, kiwanja chake kinapanda thamani siku ile ile bikoni ya mpaka inapowekwa, wa kona anakatwa pande mbili na bado analipa bei ile ile. Mbona hakuna anayependekeza kwamba wale wanaofunguliwa njia wachange kidogo wamfidie anayekatwa? Nimewasikia wazee wakilipendekeza hilo, kwa lugha yao, na likapita bila kuandikwa kwenye muhtasari.

Na wanapokuwa wagumu kusaini, watu wanadhani ni ujinga au ni ukorofi. Nimeona wazee wanahudhuria mkutano mwanzo mwisho na wanagoma kuandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, mtendaji anakasirika, vijana wanacheka. Lakini fikiria kidogo. Mchoro umekuja umeshachorwa, mpima ameongea dakika arobaini, maswali wamepewa watu watatu, afu karatasi ya mahudhurio inaambatanishwa kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Saini ya kuwepo imegeuka saini ya kukubali. Anayelijua hili hasaini, na sioni ujinga wake uko wapi.

Wana sababu za kulijua. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji 1974, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, leo amepita 70, na alihamishwa kwa lori akaacha mahindi shambani, kwa jina hilo hilo la maendeleo. Nyanda za juu za huku zina kumbukumbu nzito zaidi ya hiyo, Ismani ya Desemba 1971 na kuuawa kwa Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, kwenye mgogoro wa shamba la mkulima Mwamwindi, kila mzee wa Iringa anaijua na hakuna anayetaka tufike huko tena. Karibu zaidi kuna Mwanjelwa. Soko liliungua 2006, wafanyabiashara wakasogezwa maeneo ya muda likiwemo Sido, na mwaka 2017 Sido nayo inaungua watu bado wamo. Mtu aliyepita kwenye hayo ukimwambia sogea kwa muda, fidia inakuja, usitegemee apige makofi.

Kitu ninachopenda vijana wa Rungwe na Kyela wakijue, na wazee pia wakikumbuke, ni kwamba babu zetu hili jambo la kizazi kupisha kizazi walikuwa na utaratibu wake. Wanyakyusa waliishi kwa marika, watoto wa kiume wakifika miaka kama 10 wanatoka kwa baba zao wanajenga kijiji chao pembeni, na mara moja katika kila kizazi inafanyika ubusoka, wazee wanakabidhi utawala kwa vijana na ardhi inagawanywa upya, wazee wanasogea. Wanasogea kweli, wanaacha mashamba mazuri. Mtu akiniambia wazee wa huku kwa asili hawapishi nitamrudisha hapo. Walikuwa wanapisha kwa sababu kila mmoja alijua zamu inakuja, alijua anakwenda wapi, na alishaona baba yake akifanya hivo bila kudhalilika. Utaratibu ulianza kufa ardhi ilipokuwa haba na kahawa ilipoingia, mana aliyepanda kahawa ana mti wa miaka mingi, hawezi kuuacha akaanze upya bila kulipwa. Kahawa zamani, nyumba ya tofali leo, kikwazo ni kile kile, mtu ameweka nguvu zake za maisha kwenye ardhi na hakuna anayemwambia zitarudije.

Wazee wana makosa yao na siwezi kuyafunika. Wapo wanaoshikilia maeneo makubwa katikati ya mji wakingoja bei, na kisingizio ni ushirikishwaji. Wapo ambao binti yao akisimama kuongea mkutanoni wanamkata, wakati yeye ndo anayewatunza na ndo atakayebaki pale. Na kuna hili la kupanga mji wa 2050 kwa kura za watu ambao wengi hawatauona, hapo lazima vijana wawepo na waamue, kwa idadi sio kwa hisani. Ila niliyoyaona yananifanya niamini kwamba vijana wamekosea adui. Aliyekunyima nafasi mkutanoni na aliyemnyima mzee tarehe ya malipo ni utaratibu ule ule, mchoro kuja umeisha na watu kuitwa kuusikiliza.

Mambo ya kufanya hapa wala hayahitaji sheria mpya. Mkutano uitwe Jumapili mchana watu wametoka ibadani. Wapangaji waitwe kwa jina. Mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa wiki kadhaa kabla, wakati bado unafutika, na muhtasari uandike pingamizi la kila mtu na jina lake, usomwe mkutano unaofuata kabla ya ajenda nyingine yoyote. Kwa nyumba za X ya kijani iandikwe tarehe, na ikipita bila malipo katazo la kukarabati liondoke. Kuhusu vijana, kuna kazi moja ambayo wao ndo wanaiweza kuliko mtu yeyote, siku ya tathmini mjukuu awepo pale na simu yake, apige picha kila chumba, kisima na kila mti, ahesabu migomba pamoja na mthamini, na fomu ya babu asiiachie mpaka amepata nakala.