Diski ya Pili, Balaa la Kwanza

Diski imejaa. Haikujazwa na picha za harusi wala nyaraka za ofisi. Imejazwa na gemu, na mbili kati ya hizo hazijawahi kufunguliwa tangu zipakuliwe. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka gigabaiti 150. Baldur's Gate 3 nayo 150. Halafu linakuja sasisho la "kurekebisha dosari ndogondogo", lenyewe gigabaiti 40. Sasa dosari zingekuwa kubwa ingekuwaje? Unaangalia, diski ina gigabaiti 45 tupu, unasema afadhali. Steam, duka ulikopakulia gemu, inakataa! Mara nyingi inalijenga upya faili zima pembeni kabla ya kulifuta la zamani, kwa hiyo nafasi inayotakiwa huzidi ukubwa wa sasisho lenyewe.

Basi unasema moyoni: naongeza diski ya pili, shughuli imekwisha. Thubutu! Hapo ndipo inapoanza.

Unanunua terabaiti moja, unaichomeka, Windows inakusomea 931. Hizo nyingine 69 zimeenda wapi? Hakuna aliyeziiba. Mtengenezaji anahesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja kamili. Windows inazichukua baiti zilezile na kuzigawanya kwa 1,024 mara tatu, kisha inaandika "GB" bila haya. Ya gigabaiti 500 itasomeka 465, ya terabaiti 2 itasomeka 1.81. Kila upande una hesabu yake safi kabisa, ila anayepungukiwa ni wewe. Na SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, haitakiwi kushindiliwa hadi pomoni. Iachie asilimia 10 hadi 15 ipate pa kupangia data zake, la sivyo inazorota. Terabaiti yako moja imebaki kama gigabaiti 800 za kutumia kweli, yaani gemu tano za wanene. Ndiyo maana kwa diski ya gemu terabaiti 2 ndipo pa kuanzia, na kuanzia hapo tubishane mengine.

Sasa aina. Atatokea mtu akushauri uchukue diski ya kuzunguka, ile HDD ya zamani, kwa kuwa nafasi ni tele na bei ni poa. Hajakosea kuhusu nafasi. Ikisoma faili moja refu lililonyooka, yenye mizunguko 7,200 kwa dakika inafika megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Lakini gemu halisomi hivyo. Gemu linataka kipande huku, kipande kule, na kila safari kichwa cha kusomea lazima kisogee na kusubiri sahani izunguke, kama milisekunde 10 hivi kila mara. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika kasi inaporomoka hadi megabaiti moja kwa sekunde, au pungufu. Matokeo yake unaendesha gari kwenye gemu, barabara inafika baada yako. Majengo yanakuja yakiwa uji, sura za watu zinapakwa rangi wewe ukiwa umeshawapita. Gemu nyingi mpya siku hizi zinaandika wazi kwenye mahitaji yake kwamba zinataka SSD, na hazitanii.

Kisha kuna HDD za SMR. Humo njia za data zimelaliana kama vigae vya paa ili zienee nyingi. Kusoma hakuna neno. Kuandika upya kigae kimoja ndiyo kasheshe, kwa sababu lazima vinavyokilalia navyo viandikwe upya. Sasisho kubwa likishuka humo, nenda kalale. Mwaka 2020 ilibainika kuwa watengenezaji walikuwa wakiuza baadhi ya diski za namna hii bila kuandika popote kwamba ni SMR. Kama ni lazima uchukue HDD, itafute ya CMR, ambayo njia zake hazilaliani, na uhakikishe kwenye karatasi ya vipimo ya modeli yenyewe, herufi kwa herufi, maana herufi moja mwishoni inabadilisha kila kitu.

Na hata ukiipata iliyo nzuri, Windows itailaza. Mpangilio wa kawaida wa umeme huzima diski isiyoguswa kwa dakika 20. Uko katikati ya pambano, gemu linahitaji faili moja la sauti, diski inaamshwa, sahani zinaanza kuzunguka upya, gemu linaganda sekunde kadhaa, unakufa. Unalaumu mtandao, unalaumu kadi ya picha, unamlaumu hata aliyeketi pembeni. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya kina, sehemu ya diski, weka sifuri. HDD iachie kazi zake: gemu za zamani, video ulizorekodi, nakala za akiba.

Tuje kwenye SSD, ambako kasi imegeuzwa dini. Ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, inasoma kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe ni ile inayopita kwenye PCIe, njia za kasi ambazo hata kadi ya picha huzitumia: ya PCIe 3.0 inafika 3,500, ya 4.0 inafika 7,000 na ushee, ya 5.0 inapita 10,000. Tarakimu zimeandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa kuliko jina la bidhaa. Unadhani gemu lililofunguka kwa sekunde 20 sasa litafunguka kabla hujabofya. Wapi! Kwa gemu nyingi tofauti kati ya SSD ya SATA na NVMe ya bei mbaya ni sekunde chache tu. Diski ikishamaliza kusoma, prosesa ndiyo inayofungasua data zilizobanwa, na huko hakuna anayejali boksi lako liliandikwa nini. Microsoft walileta DirectStorage kwenye kompyuta mwaka 2022 ili kupunguza foleni hiyo, ila mpaka gemu lenyewe liwe limeandikwa kuitumia. Na tuelewane kabisa: diski haikuongezei fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Kama gemu linakwenda fremu 45 kwa sekunde, na diski mpya litakwenda 45, ila utafika kwenye hizo 45 mapema zaidi.

Ukiwa hapo bado kuna mtego wa biti na baiti. Kwenye boksi la SATA wanaandika 6 Gb/s, b ndogo, yaani biti, na baiti moja ni biti nane. Unagawanya kwa nane unapata 750, unaanza kudai chako. Polepole. SATA inatuma biti 10 kwa kila biti 8 za data yako, kwa hiyo gawanya kwa kumi: 600. Toa gharama za mazungumzo kati ya diski na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, imebaki 550.

Sasa M.2. Huyu ndiye mchonganishi mkuu. M.2 ni umbo tu, haisemi chochote kuhusu kasi. Kipande kile chembamba cha 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80, kinaweza kuwa NVMe au kikawa SATA iliyovaa nguo za NVMe. Mara nyingi ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake na NVMe ya kasi ina mmoja. Sloti nazo zina maringo yao: nyingine zinapokea zote mbili, nyingine NVMe peke yake, na ukikosea diski inaingia vizuri kabisa, skrubu inakaza vizuri kabisa, na haionekani popote.

Hivyo kabla ya kununua, fungua kijitabu cha mazabodi. Ndiyo, kile ulichokitupa. Mtengenezaji anacho kwenye tovuti yake. Tafuta ukurasa wa M.2 na usome maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali, kwa sababu fitina yote imewekwa huko. Utakuta wameandika kwamba sloti ya pili ikitumika, matundu ya SATA namba 5 na 6 yanazimwa. Asiyejua anachomeka SSD mpya, anawasha, HDD ya zamani yenye kila kitu chake imetoweka. Anaingiwa na jasho, anatafuta fundi wa kuokoa data. Diski ni nzima, imezimiwa tundu tu. Hamishia kebo kwenye namba 1 au 2, imerudi. Bodi nyingine sloti ya ziada inachota njia za kadi ya picha, kadi inashuka kutoka njia 16 (x16) hadi 8 (x8). Nyingine sloti ya pili ni ya kizazi cha nyuma, au ina njia mbili badala ya nne. Diski ya 7,000 ukiiweka kwenye sloti ya PCIe 3.0 yenye njia nne itafanya kazi bila shida, kwa 3,500. Hiyo nusu nyingine umemlipia nani?

Fedha hiyo heri uiweke kwenye chipu. TLC inahifadhi biti tatu katika kila seli, QLC biti nne. Kadiri unavyobananisha ndivyo kuandika kunavyokuwa kuzito, basi ili kuficha aibu diski inachukua sehemu iliyo tupu na kuiandikia biti moja moja kwa kasi kubwa, kisha inazipanga baadaye ukiwa hutazami. Sehemu hiyo ya haraka, yaani kache, ikijaa katikati ya kuhamisha gemu la gigabaiti 150, QLC ya bei rahisi inaweza kushuka hadi megabaiti mia moja na kitu, chini ya HDD uliyoikimbia. Na kwa kuwa kache inakatwa kutoka nafasi tupu, diski ikijaa kache inasinyaa. Ndiyo maana ikiwa mpya inaruka, ikifika asilimia 90 inachechemea. Kwa kusoma tu, na gemu kazi yake kubwa ni kusoma, QLC si adui. Ila zikikaribiana bei, chukua TLC. Ole wako pia na modeli zinazobadilishwa chipu ndani bila jina kubadilika. Sifa ulizosoma za mwaka jana huenda ni za diski nyingine.

Kuhusu DRAM, kumbukumbu ndogo ya kasi ambamo SSD huweka ramani ya data zake: NVMe isiyo nayo inaazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta na maisha yanaendelea. SSD ya SATA isiyo nayo haina pa kuazima. Hapo usibane matumizi.

Wapo wanaokesha wakiogopa TBW, kiasi cha data unachoweza kuandika ndani ya dhamana. SSD nyingi za TLC za terabaiti moja hupewa TBW 600. Hiyo ni kuliandika gemu la gigabaiti 150 mara 4,000. Ulipakue na kulifuta kila siku, utafanya hivyo karibu miaka 11. Bando litakuwa limekufilisi zamani.

Taa za rangi kwenye diski sitaziongelea.

Ile "SSD" ya nje ya terabaiti 16 inayouzwa kwa bei ya chakula ni kadi ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea faili zako zote kwa adabu, ikijaa kimya kimya inaandika juu ya zilizotangulia. H2testw inaiumbua: inaijaza yote kisha inaisoma yote. Kwa HDD iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, uangalie mstari 05 na C5, hesabu ya sehemu zilizoharibika au zinazoshukiwa. Zikiwa na chochote zaidi ya sifuri, mrudishie mwenyewe. C7, makosa ya mawasiliano, ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kuitukana diski.

Kufunga. M.2 inaingizwa kwa mshazari, kama nyuzi 30, kisha inalazwa na kukazwa kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Skrubu hiyo ilikuja kwenye boksi la mazabodi, si la diski, na boksi unajua lilipo. Kama kuna bamba la kupozea joto, bandua kwanza nailoni iliyo kwenye pedi yake. Watu wanaiacha, diski inachemka na kujipunguzia kasi, lawama anatupiwa mtengenezaji. Za SATA mara nyingi huuzwa bila kebo. Na kama pawa saplai yako ni ya kebo za kuchomoa, kebo zake za umeme usizichanganye na za pawa saplai nyingine hata plagi ikiingia. Upande wa pawa saplai hauna kanuni moja. Volti 12 zinaingia palipotegemewa volti 5, na diski inakufa kabla hujarudishia kifuniko.

Umewasha, haionekani. Tulia, haijafa. Diski mpya haina hata jedwali. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, chagua jedwali la GPT, kwa kuwa lile la zamani la MBR linakomea terabaiti 2 na kitu, kisha itengenezee eneo la NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na uipe herufi. Angalia ukubwa kabla ya kubofya, maana kufomati hakujui kuomba radhi. Gemu usizipakue upya: kwenye Steam fungua mipangilio ya hifadhi, ongeza diski, chagua gemu, hamisha. Faili za maendeleo yako nyingi hukaa kwenye diski C hata hivyo, hazihami na gemu.

Na siku ukiamua kusakinisha Windows upya, chomoa hiyo diski ya pili kwanza. Kisakinishi kikikuta sehemu ya kuwashia kwenye diski nyingine huitumia hiyohiyo, Windows inakaa huku na ufunguo wake kule. Ukija kuuza diski ya pili, kompyuta inagoma kuwaka. Ya SATA unachomoa kebo tu. Ya M.2, itafute tena ile skrubu.