Kabla ya Winchi, Tuzungumze Kushuka

Juzi tulikaa kupanga safari ya kupandisha magari milimani, kule juu ambako miti imeisha na njia ni mawe matupu. Saa mbili nzima zikaishia kwenye winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari lililonasa), taa za ziada, hema la juu ya paa na matairi ya meno makubwa. Hakuna aliyeuliza tutashukaje. Niliondoka pale nimekasirika, na hasira yenyewe bado ninayo.

Kupanda kunakuonya mapema. Ukifika mita 4,000, mgandamizo wa hewa umebaki kama asilimia 60 ya ule wa usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inaanza kuhema. Gari linakwambia lenyewe kwamba limechoka. Kushuka hakusemi kitu. Gari lenye watu na mizigo, tani mbili na nusu, linavutwa na mteremko, na kila unapokanyaga breki mwendo unageuka joto. Pedi za breki zikizidiwa na joto hazishiki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa yameshafyonza unyevu, kwa hiyo yanachemka upesi. Mvuke ukishaingia kwenye mabomba, unakanyaga na mguu unakwenda tu.

Mguu wangu ulishakwenda hivyo. Tulikuwa magari matatu, tumechelewa kileleni kwa sababu ya picha, jua linazama. Nikashuka kwa haraka, gia nyepesi ya mwendo wa kasi, mguu juu ya breki muda wote. Kwanza ikaja harufu, kama kitambaa kinachoungua. Kwenye kona ya nne pedali ikazama hadi chini. Nikapiga tena na tena, ikashika kidogo, nikarudisha gia ya kwanza na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Abiria wangu aliruka akaweka jiwe nyuma ya tairi, kisha akaliona kosa, akalihamishia mbele. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Rimu ilikuwa na joto la kuunguza, tukakaa gizani kusubiri ipoe.

Ndiyo maana nang'ang'ania: fo-wili, yaani magurudumu yote manne yakivuta, iingizwe kwenye lo, ile gia nzito ya mwendo wa polepole, kabla mteremko haujaanza, gia ya kwanza au ya pili, injini ndiyo ishike gari, breki iguswe kidogo na kuachiwa. Mafuta ya breki yabadilishwe kabla ya safari. Na saa ya kugeuza ikubaliwe tukiwa bado chini, kwa sababu kule juu kila mtu anaona kilele kiko karibu. Milimani radi hupenda kuja baada ya adhuhuri, kwa hiyo saa hiyo ya kugeuza ni mapema kuliko wengi wanavyotaka kusikia.

Ziko njia zisizokupa hata nafasi ya kubadili mawazo. Black Bear Pass, njia ya milimani kule Colorado, Marekani, yenye kilele cha zaidi ya mita 3,900, inateremka kuelekea mji wa Telluride kwa ngazi za mawe na kona kali, na kipande hicho ni cha kushuka tu. Ukishaingia umeingia. Anayeiendea kwa kuwa gari lake linapanda vizuri amejiandaa kwa nusu ya njia.

Mengine ni mafupi. Punguza upepo kwenye matairi ukifika kwenye mawe, na pampu ya kuurudisha iwemo garini. Anayepanda apishwe. Kichwa kikianza kugonga na kichefuchefu kikaja kwa sababu ya kimo, mgonjwa ashushwe, asiambiwe avumilie.

Winchi, haya, inafaa. Gari likinasa nitaishukuru. Ila kwenye kikao kijacho naomba jambo moja litangulie hata kabla ya orodha ya vifaa: saa ngapi tunageuza, na ni nani kati yetu atakayelitamka neno "turudi" wengine wote wakiwa bado wanataka kuendelea?