Mpiga drams wa kukodi: malipo ya siku moja yanamtosha?

Nimejaribu mara nyingi kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tabora. Ukipigwa wimbo wa zamani wa bendi ya Tabora Jazz, wazee wanamtaja mwimbaji na mtunzi wake Shem Karenga papo hapo, na ubishi wa mtindo wao wa Segere Matata unaanza. Nikiuliza nani kakalia drams, kimya.

Wenzetu wa jazz ya Marekani angalau jina hubaki. Jimmy Cobb alipiga drams kwenye albamu ya Kind of Blue, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu, Machi na Aprili 1959. Pale mwenye albamu, mpiga tarumbeta Miles Davis, anapoanza kupuliza solo yake katika wimbo wa kwanza, Cobb anagonga toazi mara moja, mlio unaning'inia hewani, na wimbo mzima unafunguka. Albamu imeuza mamilioni. Utunzi ukaandikwa kwa wengine. Cobb, aliyefariki 2020, alikuwa mpigaji wa kulipwa.

Wanaotetea malipo ya mara moja, bila mgawo wa mauzo, wana hoja, tena nzito. Kule Marekani kikao cha studio ni saa 3, na chama cha wanamuziki kimeweka kima cha chini. Wimbo uvume au udode, mpigaji ameshatia chake mfukoni. Aliyebeba hasara ni mwenye bendi: studio, nauli, chakula cha watu. Kijana anayedaiwa kodi ya chumba Isevya hawezi kungoja mgawo wa miaka ijayo, na simlaumu.

Ila hoja hiyo inasahau kwamba rekodi haifi. Inauzwa upya, inapigwa redioni, inakatwa vipande na kutiwa kwenye nyimbo mpya. Kwa kawaida utunzi huhesabiwa melodi na maneno, pigo la drams likaachwa nje, hata kama ndilo linaloinua watu vitini. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mpigaji pia, si mtunzi peke yake. Lakini asiyeandikwa popote atadai kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana kwangu jina linatangulia hela. Mgawo wa mauzo mnaweza kujadiliana, hata mkakubaliana usiwepo. Karatasi yenye jina la mpigaji, tarehe na wimbo aliopiga, iliyosainiwa na mwenye bendi, aidai kabla hajafungua vyombo vyake.